Gitaa-Kinubi: Historia Yake na Namna ya Kulitunza

Mhariri wa jarida letu aliniomba niandike habari za kazi yangu ya kukarabati ala za muziki, akaniasa nisiwachoshe wasomaji. Nitajitahidi. Nimechagua ala moja tu, ambayo wengi wenu hamjapata kuiona, nayo ni gitaa-kinubi la Ufaransa, yaani gitaa lililotengenezwa kwa umbo la kinubi cha Wayunani wa kale. Lakini kabla sijafika Ufaransa yanipasa nianzie hapa hapa shuleni, kwa sababu bila kisa cha hapa nisingeyaelewa niliyokuja kuyaona kule.

Wale tuliokuwa kidato cha tatu mwaka 1971 watalikumbuka gitaa la bendi, lile la rangi ya kahawia lililotundikwa katika chumba cha muziki. Lilikuwa la nyuzi za nailoni. Nyuzi mbili zilipokatika, na duka la kuuza nyuzi likiwa umbali wa safari ya siku nzima, mimi nilichukua waya wa breki wa baiskeli mbovu iliyotupwa nyuma ya karakana, nikaufumua, nikapata nyaya nyembamba za kutosha gitaa zima. Jioni ile gitaa lililia kama halijapata kulia. Asubuhi daraja lake lilikuwa limeng'oka pamoja na kibanzi cha mbao, na uso wake umepasuka. Mwenzetu mmoja aliyekuwa akitunza ufunguo wa chumba kile alichapwa viboko na kuondolewa katika bendi. Mimi nilinyamaza. Nitarudi kwake mwishoni.

Kwanza tuelewane juu ya kinubi. Kinubi cha aina ninayoisema hakina shingo. Kina kisanduku au bakuli lililowambwa, mikono miwili inayopanda juu, na mti wa kukingama unaoiunganisha mikono hiyo. Nyuzi hutoka kwenye bakuli zikafungwa katika mti ule, na kila uzi una sauti yake moja, basi. Sisi tuliosoma na wenzetu wa kutoka Rorya tunaijua nyatiti ya Wajaluo, yenye nyuzi nane. Mpigaji hukaa kwenye kigoda kifupi, na pete ya chuma iliyo kwenye kidole cha mguu hugonga ukingo wa ala ili kushika mwendo. Hicho ni kinubi halisi, ndugu wa kile kilichopigwa Uyunani miaka elfu mbili na mia kadhaa iliyopita. Gitaa ni jambo jingine. Gitaa lina shingo, na juu ya shingo hiyo mpigaji huubana uzi kwa vidole vya mkono wa kushoto akaufupisha, hata uzi mmoja ukatoa sauti nyingi.

Basi mtu akikuambia kwamba ametengeneza gitaa ambalo pia ni kinubi, mwulize swali la kifundi: nyuzi zimefungwa wapi? Katika gitaa-kinubi la Ufaransa jibu ni kwamba zimefungwa kwenye vigingi, kichwani mwa shingo, kama katika gitaa lingine lolote. Ile mikono miwili mizuri inayopinda kama pembe za ng'ombe haishiki hata uzi mmoja. Ni kweli kwamba aghalabu mikono hiyo ni mitupu kwa ndani, na hewa yake imeungana na hewa ya tumbo, na mafundi wa wakati ule walijisifia jambo hilo. Lakini ikikatwa yote miwili gitaa litaendelea kupigwa. Nasema hivi si kwa kulidharau. Nasema kwa sababu sifa zake na maradhi yake yote yanatokana na jambo hili moja, kwamba ni gitaa lililovaa nguo za mwenzake.

Kwa nini watu wazima wenye akili zao walitaka gitaa livae kinubi? Habari yenyewe yaanzia ardhini. Mwaka 79 mlima Vesuvius ulilipuka huko Italia ukaifukia miji ya Pompeii na Herculaneum. Uchimbaji ulianza Herculaneum mwaka 1738, na Pompeii mwaka 1748, na vikafukuliwa vyombo, sanamu na kuta zenye michoro ambazo rangi zake zilikuwa bado hai. Mwaka 1764 mwanachuoni wa Kijerumani, Johann Joachim Winckelmann, akatoa kitabu chake cha historia ya sanaa ya kale, na wasomi wa Ulaya wakaanza kuamini kwamba uzuri wote ulikwisha kupatikana zamani, kazi iliyobaki ni kuuiga. Viti vikatengenezwa vya miguu ya Kirumi. Nyumba zikajengwa nguzo za Kiyunani. Mapinduzi ya Ufaransa ya mwaka 1789 yakautia moto mtindo huo, maana wanamapinduzi walipenda kujifananisha na raia wa Roma ya zamani. Mabibi wa Paris wakaacha magauni yao ya mabati na tabaka kumi, wakavaa nguo nyeupe nyepesi zilizofungwa mkanda chini ya kifua, kama wanawake wa katika michoro.

Sasa mwanamke aliyevaa kama Myunani, aliyekaa juu ya kiti cha Kirumi, alishike chombo gani cha muziki? Kinubi, bila shaka. Lakini kinubi cha Uyunani hakuna mtu wa Paris aliyejua kukipiga, na muziki wake ulikwisha kupotea. Gitaa, kwa upande mwingine, alikuwa nalo, na pengine alikuwa na mwalimu aliyekuja nyumbani mara mbili kwa juma. Mafundi wakalitatua tatizo hilo kwa njia nyepesi kabisa.

Hapa vijana wanaojifunza gitaa wasikilize, maana kuna jambo la historia ambalo hupitwa. Gitaa la Ulaya la wakati ule halikuwa kama mnalolijua. Lilikuwa na jozi tano za nyuzi, kila jozi nyuzi mbili zikipigwa pamoja. Kuelekea mwisho wa karne ya 18 jozi hizo zilikuwa zikiachwa, na nyuzi sita za moja moja zikishika nafasi yake. Gitaa-kinubi lilizaliwa katikati ya mageuzi hayo, nalo likachukua mtindo mpya wa nyuzi sita, zilizopangwa E, A, D, G, B na E, vile vile kama gitaa la leo. Hivyo mtu aliyejua gitaa alilinunua asubuhi akalipiga jioni, bila somo jipya. Biashara gani itakayoshinda hiyo?

Pierre Charles Mareschal, fundi wa Paris, alikuwa miongoni mwa waliodai kwamba uvumbuzi huu ni wao. Madai ya namna hiyo yalikuwa mengi, nami sioni faida ya kuamua ugomvi wa mafundi waliokufa. Italia nako yalitengenezwa, hasa Naples, ambako Gennaro Fabricatore aliacha kazi nzuri sana. Waalimu wakaandika vitabu vya mafunzo. Ferdinando Carulli, Mtaliano aliyehamia Paris mwaka 1808 na ambaye wapigaji wa gitaa bado wanafanya mazoezi yake, aliandika katika jina la kitabu chake kwamba ni cha gitaa au cha kinubi, na kwa kinubi alikuwa na maana ya hiki cha nyuzi sita. Muziki ulikuwa mmoja. London, Edward Light alichukua njia yake mwenyewe, akaanza tangu miaka ya 1790 kutengeneza ala zilizochanganya gitaa na kinubi kikubwa, lakini hizo ni ukoo mwingine, ingawa katika minada huchanganywa mara kwa mara.

Husimuliwa sana kwamba malkia Marie Antoinette, aliyekatwa kichwa mwaka 1793, alikuwa mpigaji wa gitaa-kinubi. Wauza vitu vya kale wanaipenda mno hadithi hiyo kwa sababu hupandisha bei. Mimi nikiambiwa kwamba gitaa fulani lilikuwa la malkia huomba kuona karatasi, na mazungumzo huishia hapo. Kilele cha mtindo huu kilifika malkia akiwa amekwisha kufa, katika miaka ya utawala wa Napoleon.

Ushahidi mzuri kuliko hadithi ni picha. Katika makumbusho ya Prado, Madrid, iko picha iliyochorwa na Francisco Goya mwaka 1805. Humo Marquesa wa Santa Cruz amejilaza juu ya kochi jekundu, gauni jeupe, taji la majani na zabibu kichwani, mfano wa mmojawapo wa wale mabinti tisa ambao Wayunani waliwaamini kuwa walinzi wa sanaa. Ubavuni mwake ameshika gitaa-kinubi. Picha ina upana wa mita mbili na zaidi, kwa hiyo vigingi na nyuzi vyaonekana. Nilipokwenda kuitazama nilisimama mbele yake mpaka mlinzi akaanza kunitazama mimi. Nililoliona ni hili: mama yule halipigi gitaa lake. Amelishika kama mtu anavyoshika fimbo ya cheo. Picha hiyo yenyewe ina safari ya kuhuzunisha. Ilitolewa Hispania kinyume cha sheria, ikafika London, na mwaka 1986 ilikuwa karibu kupigwa mnada, serikali ya Hispania ikalazimika kutoa dola milioni 6 ili kuirudisha nyumbani.

Na kwa nini halipigi? Kwa sababu halipigiki vizuri. Jaribu kulipakata. Chini lina kitako bapa kama cha saa ya mezani, ili liweze kusimama lenyewe, na kitako hicho hakikai juu ya paja la mtu. Mkono wa kulia ukitaka kufika kwenye nyuzi, huo mkono wa gitaa uko njiani. Mkono wa kushoto ukitaka kupanda sauti za juu, mkono wa pili uko njiani. Mpigaji hulisimamisha wima mapajani, akalikumbatia kama mtoto asiyetaka kubebwa. Walimwengu wakalichoka. Napoleon akaanguka mwaka 1815, mitindo ikageuka, piano ikaingia katika kila nyumba yenye uwezo, na magitaa ya kawaida yakaboreshwa na mafundi kama René Lacôte wa Paris na Louis Panormo wa London. Ilipofika miaka ya 1830 hivi, gitaa-kinubi lilikuwa kitu cha bibi.

Lakini tazameni jinsi mambo yalivyo. Magitaa mengi ya kawaida ya miaka ile yalipigwa mpaka yakachakaa, yakavunjika, yakatiwa motoni. Gitaa-kinubi, lililoshindwa kazi, liliwekwa juu ya kabati kama pambo, kwa kuwa lilikuwa na kitako cha kusimamia na dhahabu ya kumeta. Kukosa kazi ndiko kulikoliokoa. Ndiyo sababu leo yako mengi kiasi katika makumbusho na katika nyumba za wakusanyaji, na mengine bado yanauzwa katika minada.

Mwaka 1983 nilikuwa Uingereza kwa masomo ya ufundi wa mbao, nikapata kibarua cha Jumamosi katika karakana ya mzee mmoja mkarabati wa ala. Siku moja aliniletea gitaa-kinubi lililofunikwa na vumbi la miaka mingi, akasema nilisafishe, naye akatoka kwenda kula. Nyinyi mliolala katika mabweni yetu mnajua tulivyofundishwa usafi. Jumamosi ni ukaguzi, na kitu safi ni kile kinachong'aa na kunukia sabuni. Nililowesha kitambaa, nikakikamua vizuri, nikaanza kwenye ncha ya mkono wa kulia ambako palikuwa na kichwa cha ndege kilichopakwa dhahabu. Nilipokitazama kitambaa kilikuwa kimekuwa cha manjano, kisha chekundu. Jicho la ndege yule lilikuwa limekwisha kutoka.

Mzee aliporudi hakunipigia kelele. Alinieleza. Dhahabu ya namna ile si rangi. Ni karatasi ya dhahabu nyembamba kupita karatasi ya sigara, imelazwa juu ya udongo mwekundu laini, na udongo umelazwa juu ya chokaa, na vyote vimeshikwa na gundi iliyotengenezwa kwa ngozi ya mnyama. Gundi hiyo huyeyuka kwa maji. Kwa hiyo kitambaa chenye maji, hata kikiwa kimekamuliwa, hufanya katika dakika moja kazi ambayo miaka 180 haikuifanya. Vumbi juu ya dhahabu huondolewa kwa brashi laini iliyo kavu, na dhahabu ikianza kubanduka haiguswi hata kwa brashi. Mwenye gitaa aliambiwa ukweli na mzee akaacha ujira wake wote. Nami mshahara wangu wa majuma manane haukuonekana, na sikulalamika.

Tangu siku ile nimeyashika mikononi magitaa-kinubi kumi na moja, katika karakana mbalimbali, na nitaandika yale niliyojifunza kwa ajili ya yeyote atakayejaliwa kupata moja, au ala nyingine yoyote ya mbao ya umri huo.

Jambo kubwa kuliko yote ni mvuto wa nyuzi. Nyuzi sita za nailoni za gitaa la leo huvuta kwa jumla kiasi cha kilo 40. Nyuzi za chuma huvuta kilo 70 na zaidi. Uso wa gitaa-kinubi ni ubao mwembamba wa milimita mbili tatu, wenye vitaruma vichache kwa ndani, na uliundwa kubeba nyuzi laini: tatu za juu za utumbo wa kondoo, na tatu za chini za hariri iliyozungushiwa waya mwembamba. Ukilitia chuma umelihukumu kufa. Hata nailoni ya kawaida ni nzito kwake. Tena wakati lilipoundwa hapakuwa na kipimo kimoja cha sauti kwa nchi zote. A ya leo, ya mitikisiko 440 kwa sekunde, ilikubaliwa mwaka 1939 tu. Mwenye busara hushusha nyuzi nusu sauti au sauti nzima, na akimaliza kupiga huzilegeza. Hazitoi zote kwa mara moja, maana shingo iliyozoea kuvutwa kwa muda mrefu huweza kupinda upande wa pili. Niliposikia mambo haya kwa mara ya kwanza, nilikumbuka waya wa breki. Nilihesabu kichwani kilo nilizokuwa nimelitwika gitaa la bendi, nikaona aibu peke yangu kule ughaibuni.

Baada ya nyuzi, hewa. Mbao haifi kabisa. Hunywa unyevu ikatanuka, hutoa unyevu ikanywea, na kunywea kwake ni upande wa upana, si wa urefu. Ubao uliogundishwa kandokando hauna pa kunywelea, basi hupasuka. Makumbusho hujaribu kushika unyevu kati ya asilimia 45 na 55 na kuzuia mabadiliko ya ghafula, kwani ghafula ndiyo yenye kuua. Nyumba za Ulaya wakati wa baridi, moto ukiwashwa ndani, hewa huwa kavu hata chini ya asilimia 30. Dar es Salaam asubuhi unyevu hupita asilimia 80. Chombo kikisafirishwa kutoka mahali pamoja kwenda pengine, kiacheni ndani ya sanduku lake siku kadhaa kabla hamjalifungua, na sanduku lenyewe lisiwe karibu na dirisha wala ukuta unaopigwa na jua. Hii si anasa. Gitaa moja nililolipokea lilikuwa limepasuka sentimita ishirini uso mzima, na mwenyewe aliapa kwamba hakuna aliyeligusa. Alisema kweli. Lilikuwa limesimama juu ya meko.

Kulinyanyua nako ni elimu. Mtu akiliona kwa mara ya kwanza hulishika kwa mikono yake, kwani mikono hiyo inaonekana kama iliwekwa kwa kazi hiyo. Usifanye hivyo kamwe. Ni mitupu, ya mbao nyembamba, na maungio yake na tumbo ndiyo mahali pa kwanza kuachia. Shika shingo kwa mkono mmoja na kitako kwa mwingine. Wala usiliache limesimama juu ya kitako chake mahali wanapopita watoto, paka au wageni, kwa maana lina kichwa kizito na miguu halina.

Gundi yafaa niieleze kwa sababu ndiyo inayosababisha madhara mengi yasiyo na nia mbaya. Gundi ya ngozi tuliyoitaja ina tabia ambayo mafundi wa kisasa huiona ni udhaifu: ikipata joto na unyevu huachia. Kumbe hiyo ndiyo fadhila yake. Fundi wa miaka mia ijayo ataweza kufungua kiungo, kutengeneza ndani, na kukifunga tena bila kuvunja ubao. Mtu akimimina gundi nyeupe ya dukani, au ile ya mirija miwili inayokauka kama jiwe, ameifunga nyumba na kutupa ufunguo ziwani. Nimetumia siku nne kukwangua gundi ambayo mtu aliipaka kwa dakika tano. Misumari na skurubu ni mbaya zaidi. Nimeona gitaa lililotobolewa mgongoni ili litundikwe ukutani kama picha ya rais.

Wadudu wabunguao mbao hujulikana kwa vitundu vya mviringo vya milimita moja au mbili. Vitundu vikuukuu si hatari; vibaya ni vile vyenye unga mpya mweupe chini yake. Msipulize dawa ya kuulia mbu, kwani mafuta yake huharibu vanishi. Njia salama ni kukifunga chombo katika mfuko usiopitisha hewa, oksijeni ikiondolewa na nitrojeni kutiwa, kikakaa wiki kadhaa mpaka wadudu na mayai yao wafe kwa kukosa hewa. Vanishi nayo isikwanguliwe ili ipakwe mpya. Mikwaruzo ya kucha za mtu aliyekuwa akipiga mwaka 1810 ni sehemu ya historia ya chombo, na karatasi ya jina la fundi iliyobandikwa ndani ina thamani kupita dhahabu yote ya nje. Wanaonunua wakumbuke pia kwamba mwanzoni mwa karne ya 20 umbo hili lilifufuliwa, hasa na Luigi Mozzani wa Italia, ambaye magitaa yake ya mikono ni mazuri kwa haki yake. Lakini si ya wakati wa Napoleon, hata muuzaji akikuapia.

Kuna habari ya pembe za ndovu ambayo yatuhusu sisi. Baadhi ya magitaa-kinubi yana vipande vya pembe, shingoni au darajani. Mwaka 1989 mataifa yalikubaliana kuzuia biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa waliopeleka pendekezo hilo. Tangu hapo chombo chenye kipande cha pembe hata kama ukucha huhitaji karatasi za kuvuka mpaka. Wakusanyaji hulalamika sana. Mimi niliyekulia karibu na Serengeti siwaonei huruma ya kutosha.

Limebaki swali ambalo mafundi hugombana juu yake mpaka chai ikapoa: je, gitaa la miaka 200 lipigwe au linyamaze? Upande mmoja husema chombo cha muziki kisichopigwa ni maiti, na kwamba hatuwezi kukijua kwa macho tu. Upande wa pili husema kila kupigwa ni kuchakaza, na kwamba kikivunjika hakuna kingine. Kwa muda mrefu nilikuwa upande wa kwanza. Niliwahi kumsikia mpigaji mmoja akilipiga gitaa-kinubi la asili, nyuzi za utumbo, sauti imeshushwa. Sauti ilikuwa ndogo, nzito kwa chini, kama mtu anayezungumza chumba cha pili, na watu sitini waliokuwamo walizuia hata kikohozi. Nisingependa kuikosa jioni ile. Lakini mwaka uliofuata gitaa lile lile lililetwa karakanani, kitaruma cha ndani kimeachia na uso umeanza kuzama chini ya daraja. Sasa nasema: lipimwe kila unene, lipigwe picha za eksirei, liandikwe lote, kisha itengenezwe nakala, na nakala ndiyo ipigwe kila siku. Nakala ikivunjika tutatengeneza nyingine. La asili liwe shahidi, na shahidi hatumpeleki shambani kulima.

Tulipokutana shuleni mwaka jana, wenzangu wakiwa bado wanakula, nilimwomba mtunza ghala anifungulie stoo ya nyuma ya ukumbi. Gitaa la bendi limo. Liko juu ya rafu, chini ya magongo ya hoki. Daraja lake limegundishwa kwa gundi nyeupe, limekaa upande, na nyuzi tatu za chuma bado ziko juu yake zimekazwa. Yule mwenzetu aliyechapwa kwa ajili yake alifariki mwaka 1994, nami sikupata kumwambia. Nilizilegeza nyuzi zile tatu moja moja, robo kwa robo, nikalifuta vumbi kwa brashi kavu ya kupakia rangi, nikaliviringisha kwa shuka la pamba nililopewa na matroni. Kisha nilifanya kile tunachokifanya kwa kila chombo kinachopita karakanani, nikaandika karatasi kwa penseli, maana wino hufifia, nikaiingiza ndani kupitia tundu la sauti. Imeandikwa jina la shule, mwaka 1971, na maneno haya: daraja liling'oka kwa nyaya za breki, aliyezifunga ni mimi, si mtunza ufunguo. Chini yake nikatia sahihi yangu na namba yangu ya bweni.